Mpaka Desemba

Siku ya kwanza tulipompima, Kangumu alikuwa na gramu 940. Tulitumia mizani ya jikoni, ile ninayopimia unga wa mandazi, tukamweka ndani ya bakuli la plastiki pamoja na kipande cha karoti ili atulie. Mpwa wangu akaandika kwenye daftari la hesabu lililokuwa limebaki na kurasa: tarehe, gramu, amekula nini, mkojo uko vipi. Ana miaka kumi na mwandiko wake unanishinda.

Kangumu alikuwa simbilisi. Jina hilo nimelitoa kwa Watanzania, maana huku kwetu Kisii watoto humwita tu ginipigi, na nyanya yangu, magokoro, alimwita embeba, yaani panya, na hakuona haja ya kujirekebisha. Mpwa wangu ndiye aliyempa jina la Kangumu, kwa sababu alikuwa wa mviringo, kahawia, na ukimshika ni mgumu kidogo, kama zile kangumu za dukani.

Dada yangu alimnunua mwaka 2020 siku ya soko Keroka, shilingi 150, kwa kijana aliyekuwa na katoni nzima. Shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya korona, hoteli aliyofanya kazi dada ilikuwa imefungwa pia, na mtoto wa miaka mitano alikuwa akishinda ndani bila mwenzake wa kucheza naye. Januari 2021 dada akapata kazi ya nyumbani Riyadh. Asubuhi ya kuondoka, pale steji ya magari ya Nairobi, mtoto alimshika sketi akakataa kuachilia. Dada akachuchumaa, akamwambia, "Wewe kazi yako ni moja tu. Mtunze Kangumu mpaka nirudi."

Sisi watu wazima husema maneno kama hayo ili tupate kupanda gari. Mtoto aliyachukua kama mkataba.

Miaka miwili ya Riyadh ikawa minne na zaidi. Kila Ijumaa, siku ya dada ya kupumzika, simu ilianza kwa swali moja. "Kangumu yuko?" "Yuko." Halafu ndiyo mambo ya shule yafuate. Mwaka 2025 dada akatuambia sasa anarudi kabisa, Desemba. Mpwa wangu akachora miezi kwenye karatasi akaibandika ukutani juu ya kiota cha Kangumu. Tulikuwa tumefuta mpaka Juni. Julai nikakuta damu kwenye gazeti tulilomtandikia.

Ilikuwa kidogo, kama ukubwa wa shilingi. Nikajiambia ni rangi ya karoti. Kesho yake nikamsikia akilia alipokuwa akikojoa, mlio mwembamba ambao sikuwahi kuusikia kwake. Mlio wake niliouzoea ulikuwa ule wa jioni. Ukianza tu kukata sukuma kwenye ubao, anaanza "wiii, wiii" mpaka jirani anacheka ukutani.

Sasa nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu isipokuwa daktari. Ndani ya nyumba kulikuwa na antibayotiki ya maji aliyobakisha mpwa wangu alipougua koo. Amoksilini. Nikafikiri, kama mtoto alipona, mnyama mdogo hivi atashindwaje? Nikampa kidogo tu, mara mbili. Siku ya pili akaacha kula, kinyesi kikawa maji. Baadaye nikajifunza kwamba dawa za jamii ya penisilini huua bakteria wazuri wa tumbo la simbilisi, na wengi hufa nazo kabla ya ule ugonjwa wenyewe. Mtu yeyote mwenye duka la dawa za mifugo angeweza kunionya, lakini sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kumponya, na nilikuwa naona haya kumwambia mtu kwamba natafuta dawa ya ginipigi.

Nikampigia daktari wa mifugo. Alikuja na pikipiki na gambuti zake, akitoka kuzalisha ng'ombe upande wa Suneka. Akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akamchukua Kangumu na kumweka kwenye kiganja kimoja.

"Madam, nikuambie ukweli," akasema. "Mimi ni daktari wa ng'ombe. Huyu nilimsoma darasani."

Lakini vidole vyake vilijua kazi. Alimpapasa tumbo pole pole mpaka akasimama mahali pamoja, akanionyesha niguse. Kitu kigumu, kama punje ya mahindi. "Hilo ni jiwe, kwenye kibofu."

Mpwa wangu akauliza, "Ni kwa sababu ya sukuma niliyompa?"

Daktari hakumjibu haraka. Akamwambia mawe hayo hutokana na madini ya chokaa, na chakula kinaweza kuchangia, na maji machache, na uzee, na maumbile yenyewe ya simbilisi, ambao hupata mawe kwa urahisi. "Kuna wanaokula sukuma maisha yao yote wasipate. Usibebe hiyo." Kisha akatueleza mengine. Simbilisi, kama binadamu, mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, kwa hiyo tumpe pilipili hoho kila siku. Meno yake hukua maisha yote, kwa hiyo asipotafuna yatarefuka yamzuie kula kabisa. Na tumbo lake halipaswi kusimama. Ng'ombe anaweza kukosa nyasi siku nzima ukamwokoa. Huyu akikaa nusu siku bila kula, ni hatari.

Njia ya kutoa jiwe ilikuwa upasuaji. Kisii hakuna aliyemjua wa kuufanya kwa mnyama mdogo hivyo. Ingebidi Nairobi, labda kule Kabete ambako madaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Nairobi hufunzwa. Safari ya saa sita au saba, kisha dawa ya usingizi kwa mnyama wa miaka mitano aliyedhoofika, ambaye tumbo lake nilikuwa nimeliharibu mwenyewe kwa amoksilini. "Anaweza asifike," daktari akasema. Akaniachia dawa ya maumivu ya kudondosha mdomoni na sirinji mbili zisizo na sindano. Nilipomsindikiza nje, akaongeza, "Na kuna njia nyingine. Ukiamua, nipigie."

Nikajua anasema nini. Nikamuuliza, "Lakini kwani anaumia sana? Mbona hata halii?"

"Huyu ni windo la kila mnyama," akasema. "Akilia ovyo porini ameliwa. Ukiona mpaka amekuonyesha anaumwa, jua amevumilia kitambo."

Nikahesabu kichwani. Julai, Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba. Tukimfikisha Desemba, basi.

*

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuamka saa nane usiku. Tulikuwa tunasaga chakula cha sungura cha pelleti, tunakiloweka, tunachanganya na hoho iliyopondwa na malenge, uji mzito. Unamfunga mnyama kwa taulo, unapitisha sirinji pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, unasukuma kidogo, unangoja ameze, unasukuma tena. Ukiharakisha, uji unaingia kwenye mapafu. Kila saa tatu. Mchana nilimbeba kwenye kapu hadi dukani kwangu pale Mwembe, ambako napiga chapa na kutoa fotokopi, nikimficha chini ya kaunta. Watu walikuja kufanyiwa kazi ya KRA wakaniona nikimlisha panya kwa sirinji.

Walisema mengi. Mama mmoja akaniambia, "Ungekuwa na mtoto wako ungejua shida ni nini." Kijana mwingine akasema huko Peru hao ni nyama, si tungemkaanga mapema. Ni kweli. Watu wa milima ya Andes waliwafuga tangu maelfu ya miaka iliyopita, na mpaka leo huwala. Hata hapa karibu, kule Kivu, familia nyingi huwafuga kwa kitoweo na mbolea. Sikuwa na jibu. Nilimaliza fotokopi yake nikamrudishia chenji.

Wiki ya kwanza daftari lilisema 940, 905, 890. Ya pili, 870, 842. Jioni Kangumu alikuwa bado analia kisu kikigusa ubao, kwa sauti ndogo. Mpwa wangu alikuwa anaamini. Shule zilipofungwa Agosti alichukua zamu ya mchana, na alikuwa na mikono mizuri kuliko yangu. Alikuwa akimwimbia wakati wa kumlisha na kumpangusa kidevu kwa kitambaa chake cha shule.

Ndipo nikaanza wizi. Nilimpima baada ya kumlisha, wala si kabla. Kisha nikaanza kuweka kipande kikubwa zaidi cha karoti kwenye bakuli. Daftari likapanda: 842, 848, 855. Mpwa wangu akacheka, akaruka, akamwambia mama yake Ijumaa kwamba Kangumu anapona.

Siku moja akakaa na lile daftari muda mrefu. "Anti," akasema, "karoti ina gramu ngapi?"

Nikamwambia sijui.

Akaitoa karoti kwenye bakuli, akaipima peke yake. Gramu 61. Akaandika pembeni, akatoa, akaandika jibu. Hakuniuliza neno. Angenigombeza ningejisikia nafuu.

Nilimpigia daktari usiku huo, nikamwambia ukweli wote, wa karoti na wa amoksilini. Alinisikiliza. Akasema gramu hazitoshi, maana hata uji ninaomsukumia una uzito. Akanipa maswali manne niwe nayaangalia kila siku: Anakula mwenyewe chochote? Anajisafisha manyoya? Anawajia mkimwita? Anaweza kukojoa bila kulia? Siku yenye ndiyo nyingi ni siku nzuri, yenye hapana nyingi ni mbaya. "Zikianza kuwa mbaya nyingi kuliko nzuri, hapo usiniulize mimi. Utakuwa umeshajua."

Mpwa wangu alichora safu mpya kwenye daftari. Siku nzuri, alama ya vema. Siku mbaya, mkasi. Wiki hiyo tulipata vema mbili.

*

Tulienda kwa magokoro wikendi, Nyamira, juu kidogo ya Kebirigo, na Kangumu kwenye kapu. Mvua ya alasiri ilikuwa imeshaanza. Magokoro alitupikia chinsaga na obokima, tukala, kisha saa ya kulisha ikafika. Tukamfunga Kangumu kwenye taulo pale jikoni karibu na moto. Alikuwa amepata nguvu ya jambo moja tu, kukataa. Alizungusha kichwa, akasukuma sirinji kwa mguu, uji ukamwagika kifuani. Nikamkaza. Mpwa wangu akamshika kichwa. Tukafanikiwa kumwingiza kama nusu.

Magokoro alikuwa ameketi kwenye kigoda akitutazama. Akauliza kwa Ekegusii, pole pole, "Mnamlisha, au mnapigana naye?"

Nikasema asipokula atakufa.

"Hilo nimeliona," akasema.

Alienda nje kwenye mvua, yeye na miaka yake themanini na ushee, akarudi na konzi ya nyasi laini za pembeni mwa shamba la chai. Akaziweka chini mbele ya Kangumu na kumfungua taulo. Tukangoja. Kangumu alizinusa. Kisha akageuka pole pole, akaelekea ukutani, akakaa huko manyoya yamesimama, macho nusu wazi.

Magokoro akatusimulia kuhusu ng'ombe wake aliyevunjika mguu zamani, kwenye mteremko wa kwenda mtoni. Watu walimwambia achinje siku ile ile. Akakataa, kwa sababu ng'ombe huyo alikuwa amelipa karo ya wajomba zangu wawili, na aliona ni utovu wa shukrani. Alimkatia majani wiki tatu akiwa amelala upande mmoja. "Mwisho alikuwa na vidonda ambavyo sikuweza kuvitazama," akasema. "Nilikuwa nampelekea majani nikiangalia pembeni."

Hakuongeza fundisho lolote. Akachukua zile nyasi akawapelekea mbuzi.

Usiku nikalala nikifikiria Desemba. Nilikuwa nimejiambia kwamba napigania uhai wa Kangumu. Lakini Kangumu hakuwa na Desemba. Hakujua kuna mwezi wa namna hiyo. Desemba ilikuwa yetu, na yeye tulikuwa tumembebesha. Mtoto alimbebesha kwa sababu mama yake alimwambia hivyo. Mimi nilimbebesha kwa sababu sikutaka kuwa mtu aliyeachiwa vitu viwili, mtoto na mnyama, akashindwa na kimoja.

*

Haikuwa Ijumaa, lakini nilimwandikia dada ujumbe anipigie akipata nafasi. Alipiga saa tano usiku, akinong'ona, nadhani alikuwa jikoni kwa watu. Nikamweleza. Akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

"Kwani alishika hayo maneno?" akauliza. "Aki mimi nilisema tu ili asilie."

"Aliyashika."

"Miaka yote hii?"

"Kwa nini unadhani kila Ijumaa anaanza na Kangumu?"

Nikamsikia akilia bila sauti. Nikamwambia, mimi siwezi kumfungua mtoto kwenye ahadi ambayo sikumfunga. Mwambie mwenyewe.

Nikamwamsha mpwa wangu, nikaweka simu mkononi mwake, nikatoka nje. Sikusikia yote. Nilisikia, "Lakini ulisema mpaka urudi." Kisha kimya kirefu. Kisha, "Hata asipokuwepo utarudi?" Hapo nikakaa kwenye ngazi. Muda wote huo nilidhani ni suala la mnyama na ahadi, kumbe mtoto alikuwa akilinda kamba pekee iliyomfunga mama yake kwetu. Ikikatika, mama angekuwa na sababu gani ya kurudi? Hakuna mtu aliyemwambia hivyo. Alijifikiria mwenyewe, akiwa na miaka mitano, pale steji.

Alipotoka aliniletea simu. Alikuwa amelia lakini uso wake umetulia. "Mama amesema nimeshamaliza kazi," akasema. "Amesema nilifanya vizuri."

Asubuhi ya Jumamosi daktari alikuja nyumbani kwetu Kisii. Alimweleza mpwa wangu kila hatua kabla hajafanya: sindano ya kwanza ni ya usingizi, atalala kama anavyolala siku zote, ya pili atakapokuwa hasikii kitu, na moyo utasimama. Akamwambia ana ruhusa ya kukaa na ana ruhusa ya kutoka, na hakuna kati ya hizo iliyo mbaya. Mpwa wangu alikaa. Alimshika kwenye leso ya mama yake, akimkuna nyuma ya sikio. Ilichukua dakika chache. Nilichokiona kwanza ni mgongo. Kwa wiki nyingi Kangumu alikuwa amejikunja kama ngumi, na nilikuwa nimezoea, nikasahau kwamba zamani alikuwa akilala amejinyoosha. Usingizi ulipomshika, mgongo ulinyooka.

Nilimuuliza daktari kama tulichelewa. Akafunga mkoba wake. "Kidogo," akasema. "Wengi huchelewa kidogo." Nilishukuru kwamba hakunidanganya.

Nyumba ya kupanga haina mahali pa kuzika, kwa hiyo tukachukua matatu ya Nyamira na sanduku la viatu mapajani. Kondakta akauliza kama ni vifaranga. Mpwa wangu akasema, "Hapana, ni Kangumu," na kondakta, bila kuelewa, akatikisa kichwa kwa heshima na hakututoza nauli ya mzigo. Magokoro alikuwa ameshachimba shimo chini ya mparachichi, kwenye udongo mwekundu, kina cha mkono mzima ili mbwa wasifukue. Jirani akapita akauliza tunapanda nini. Magokoro akamjibu kwamba hatupandi, tunazika. Jirani akasema pole, akaendelea na safari yake.

Dada alirudi Desemba, kama alivyosema. Usiku wa kwanza mpwa wangu alimletea lile daftari, wakakaa kitandani wakalisoma ukurasa kwa ukurasa. Zile gramu, rangi za mkojo, mikasi na vema, na hesabu ya karoti pembeni. Dada alisoma yote kwa sauti. Akafika mstari wa mwisho, ambao sikuwa nimewahi kuuona, kwa mwandiko ule safi:

"Jumamosi. Hatukumpima."